Chungu Kilichotobolewa West Bay

Al Wukair, Doha
Ijumaa, 28 Juni 2013

Kwako ndugu yangu Simiyu,

Nakusalimu. Nimeanza na salamu kwa sababu Mama alitukataza kumwandikia mtu bila kumjulia hali, hata kama mtu mwenyewe amekuudhi. Hujambo? Daisy hajambo, na watoto? Kile kikohozi cha kitinda mimba kimepoa? Mimi kiafya ni mzima, ila joto la mwezi huu limepita kiasi. Ukishuka kwenye basi la wafanyakazi ni kama mtu amefunua sufuria inayochemka karibu na uso wako. Nakula vizuri. Kulala ndiko silali, na sababu unaijua.

Usishangae kupata barua wakati kila mtu ana simu. Siku hizi ukiona jina langu hupokei, na ukipokea kwa bahati mbaya unasema Bwana asifiwe, halafu ghafla mtandao unapotea. Karatasi haina mtandao wa kupotea. Huyu aliyekuletea ni Jebet, rafiki yangu wa kutoka Kapsokwony, muuguzi katika hospitali moja ya hapa, anakuja nyumbani kwa likizo. Mpe chai. Hana hatia yoyote katika mambo haya, kwa hiyo usimkunjie uso. Barua ukitaka ichane, lakini isome kwanza.

Nitaanza mwanzo, maana nimesikia umekwisha kuisimulia habari hii kwa namna yako.

Kazi yangu unaijua, ingawa kanisani unawaambia watu kwamba dada yako ni wa mapokezi. Mimi si wa mapokezi. Ninatunza stoo ya bia chini ya hoteli moja pale West Bay, na sijaiona aibu yake. Juu yangu kuna baa iliyotengenezwa ifanane na baa za zamani za Uingereza, mbao nyeusi kila mahali na picha za farasi. Bia nyingi huletwa katika mitungi ya chuma yenye gesi, na hiyo haina kazi kubwa. Kazi ni mapipa ya kizamani ya meneja wa baa, Mwingereza tunayemwita Mister Colin, ambaye nadhani anayapenda mapipa yale kuliko wanawe. Hayo yana bia isiyotiwa gesi, inayoendelea kuchacha humo humo ndani. Pipa linalazwa kwenye kitanda chake cha mbao na kuachwa mpaka machicha yazame. Tumboni, upande wa juu, lina tundu. Hapo unachomeka kijiti laini ili pumzi itoke, na ikishapungua unakitoa na kuchomeka kigumu. Mbele yake unagonga bomba la shaba kwa nyundo ya mbao, pigo moja la nguvu. Ukisita, bia inakurukia kifuani na unarudi bwenini ukinuka mbele ya watu. Kutoka pale bia inapanda kwa mpira hadi kaunta, na mhudumu anaivuta kwa pampu yenye mpini mrefu.

Watu walishangaa nilivyoielewa kazi hiyo upesi. Mimi sikushangaa. Nimekulia katika nyumba ya kupika busaa, pombe yetu ya nafaka, na wewe pia, hata ukikana mara ngapi. Kwamba pombe haitikiswi, kwamba chombo chake hakiburutwi sakafuni, kwamba mtu mwenye haraka asiikaribie, hayo Kukhu, nyanya yetu, alitufundisha kabla hatujajua kusoma.

Sasa, Mister Colin alitaka kutengeneza kona moja ya baa iwe na vyombo vya pombe vya nchi mbalimbali, na alitaka iwe tayari kabla ya Ramadhani, maana mwezi huo baa zinafungwa na yeye anakwenda kwao. Akaniuliza kwetu pombe inawekwa ndani ya nini. Simiyu, nilijisikia vizuri mno siku ile. Kwa miaka yote niliyokaa hapa hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu kwetu. Nikamwelezea chungu kinavyowekwa katikati, wazee wanavyokizunguka, na kila mzee na mrija wake mrefu aliotembea nao kutoka nyumbani kwake, umefungwa ndani ya mwanzi. Nikamwambia mrija wa mzee hauazimwi, na mzee akifa mrija wake unatiwa chunguni siku ya ukumbusho bila mtu kuunyonya, mpaka wazee waseme sasa ni wa nani. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniomba nimwagizie chungu na mirija kutoka nyumbani, hoteli ingegharamia.

Ndipo nikakupigia wewe. Nilikuambia uende soko la Chwele, kwa akina mama wanaofinyanga, ununue chungu kipya kikubwa na mirija mipya michache. Kipya. Nililitamka neno hilo zaidi ya mara moja, na wewe ukaniitikia ndiyo dada, ndiyo dada. Nikakutumia pesa, na nikakushukuru kabla hujafanya kitu.

Mzigo ulifika hotelini Alhamisi jioni nikiwa nimeshatoka. Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda Al Wakrah kwa Jebet, tukakaanga samaki na kucheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimwambia kesho naenda kufungua mzigo kutoka nyumbani. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Jumamosi nilipofika stoo, nilimkuta Haji amesimama mlangoni, wala hakunisalimu kama kawaida yake. Huyu Haji ni Mzanzibari, mlinzi wa mlango ule, mtu wa swala tano. Hajawahi kugusa hata chupa tupu ya bia, na funguo huwa ananiwekea mezani asije akashika mkono ulioshika bia. Akaniambia, dada ingia ndani uone, lakini kaa chini kwanza. Sikukaa. Mezani palikuwa na vipande viwili vikubwa vya chungu, na vingine vidogo vidogo chini, na bomba la shaba limelala katikati yao.

Nilikijua kabla sijakikaribia. Unakumbuka Kukhu alivyokuwa akizungushia shingo ya chungu alama za gunzi la mahindi, halafu akifika mwisho anaacha nafasi isiyo na alama, upana wa dole gumba? Nafasi ile ilikuwa mbele yangu. Ule weusi wa upande mmoja, moto ulipokilamba, ulikuwepo. Chungu cha Kukhu, Simiyu. Chungu alichokunywea Baba na baba yake. Kilikuwa juu ya meza ya chuma Doha, kimetobolewa na kupasuka.

Haji akanieleza ilivyokuwa. Mister Colin alifungua mzigo mwenyewe Ijumaa, akakisifu chungu sana, kisha akasema sheria za usafi za hoteli haziruhusu watu wengi kuweka midomo yao katika chombo kimoja, hivyo kitawekewa bomba. Akamwita fundi akatoboa tundu kwa mashine, taratibu, na tundu likakubali. Ndipo Mister Colin akachukua nyundo ya mbao, akaweka bomba mahali pake, akagonga pigo moja kama tunavyogonga pipa. Mbao ni mbao. Udongo hauwezi kugongwa hivyo, hata mtoto wa Chwele anajua. Na mrija mmoja aliokuta ndani ya mzigo aliuona mrefu mno na wa zamani, akautia kwenye mfuko wa taka.

Haji ndiye aliyeutoa. Aliniambia hakujua ni kitu gani, lakini aliona umefungwa waya wa shaba pale ulipowahi kupasuka, waya umezungushwa vizuri sana, akajua kitu kilichotengenezwa hivyo kina mwenyewe. Aliuweka nyuma ya kiti chake, akaenda kutawadha upya. Ulikuwa mrija wa Baba, na kile kichungi alichokisuka kwa mikono yake mwishoni. Hapo ndipo nilipokaa.

Mister Colin alishuka baadaye, akaniomba radhi, na kwa kusema kweli aliomba kwa moyo. Kisha akaharibu, akasema niagize kingine. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika kaunta, halafu nikamrudia kwa Kiingereza asije akadhani nimemsamehe. Nilimuuliza ingekuwaje nikachukua pipa lake moja nikalipasua kwa shoka kisha nikamwambia aagize jingine. Aliiva uso, akapanda juu, na siku kadhaa hakukanyaga stoo. Kazi sikufukuzwa. Lakini yeye hakujua. Alikuwa na chungu alichodhani kimenunuliwa sokoni. Wewe ulijua, na hasira yangu ilipomalizana naye ikahamia kwako na haijatoka.

Nilipokupigia ulinijibu kwa sauti ya upole, ile sauti yako ya madhabahuni. Ukasema mchungaji wenu alihubiri Pasaka kwamba kila aliyeokoka aondoe vyombo vya ulevi nyumbani kwake. Ukasema uliogopa kuvichoma kwa sababu ya Baba mdogo Makokha na wazee. Kisha ombi langu likaja, na wewe ukaona ni Bwana amefungua mlango. Vyombo vitoke nyumbani bila kuchomwa, viende mbali, na pesa za chungu kipya ziende kwenye mabati ya kanisa. Ukasema nchi ya mbali ndiyo inayofaa kwa vitu vya namna hiyo.

Yaani mimi ndiye jaa lako? Uchafu wako unaoogopa kuuchoma unautupa kwa dada yako, kisha unamsifu Mungu? Na kwa taarifa yako, hata mimi nasali. Kila Ijumaa tunakusanyika na kuimba, na hakuna aliyeniambia Mungu anaogopa chungu.

Hata hivyo ningemeza. Wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nimekwisha kumeza mengi yako. Kabla hujakata simu ulinong'ona kwamba nisimwambie Baba mdogo, kwa sababu ulikuwa umewaambia wazee vitu vimeibwa. Nilifikiri ni uongo wa mtoto aliyevunja kikombe, nikasema nitakuachia uurekebishe mwenyewe kabla ya ukumbusho wa Baba mwezi wa nane. Nikangoja.

Jumapili iliyopita Baba mdogo Makokha akanipigia mwenyewe, mwenye furaha, akaniambia nisihuzunike tena, mwizi amepatikana. Nikauliza ni nani. Akasema Peninah.

Simiyu, Peninah! Mama Peninah aliyempikia Baba busaa tangu sisi tunatambaa. Mjane asiye na mtoto hai hata mmoja, ambaye aliachiwa ufunguo wa kibanda cha Baba na Baba mwenyewe. Kwa kuwa ana ufunguo, basi ndiye mwizi. Baba mdogo alinieleza bila haya kwamba vijana walikwenda kwake, wakapekua, wakamwaga kimea chake uani, wakavunja vyungu vyake vya kupikia, na kwamba amekatazwa kuuza kitu chochote pale sokoni na amekatazwa kukanyaga boma letu siku ya ukumbusho. Halafu akakusifu. Akasema Simiyu ni mtu wa Mungu kweli, maana alisimama katikati ya watu wenye hasira akaomba dua ili yule mama atubu.

Uliomba dua. Ulifumba macho, ukainua mikono, ukamwombea toba mtu unayejua hakuiba, wakati kimea chake chote cha mwaka kinakanyagwa na kuku. Nimelirudia jambo hilo kichwani usiku na mchana na bado sijapata neno linalolitosha. Nimekulea baada ya Mama kuondoka. Nilikufunga kamba za viatu. Sikujua nalea mtu wa kufanya hivyo.

Usidhani nilikaa kimya. Nilimwambia Baba mdogo papo hapo kwamba chungu kiko kwangu, kimevunjika, na ni wewe uliyekituma. Alicheka kwa huruma. Akasema anajua nampenda yule mama na ninajaribu kumfunika, na kwamba mtu aliyeokoka hawezi kusema uongo mkubwa namna hiyo. Nilitaka kumtumia picha, lakini simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, haipokei picha. Akasema yeye ataamini akishika kwa mkono. Sawa. Ashike kwa mkono.

Sasa kuna jambo ambalo hulijui, na sikupanga kulisema mpaka siku ya ukumbusho, kwa sababu Baba aliniagiza hivyo. Nalisema leo kwa kuwa umenilazimisha.

Unakumbuka mwaka jana nilipokuja likizo, Baba akiwa hoi. Koo lilikuwa limeziba, kijiko hakipiti, maji yanarudi. Wewe ulikuwa hukanyagi kibanda chake kwa sababu kilinuka busaa. Ulikuwa unasimama mlangoni, unaomba, unaondoka. Sikukulaumu wakati ule, nilidhani kila mtu ana njia yake ya kuogopa kifo cha baba yake. Lakini nilipofika nilikuta Baba bado anakula, nikashangaa nani anamlisha na kwa njia gani. Alikuwa Mama Peninah. Kila asubuhi na jioni alikuwa anapika uji mwepesi wa wimbi, anauchuja, anaumimina ndani ya kibuyu na kuutia mrija wa Baba. Kisha anakaa chini kando ya kitanda, ameshika kibuyu kwa mikono miwili, na Baba analala kwa ubavu ananyonya kidogo kidogo, anapumzika, ananyonya tena. Ilichukua muda mrefu sana. Kile kichungi kilizuia chenga zote, ndiyo maana hakupaliwa. Yule mama alisubiri. Hakuwahi kumharakisha.

Siku moja Baba alinivuta mkono, akaniambia kwa sauti iliyokwisha kwamba mrija ule ni wa Peninah. Nilidhani homa inasema. Nikamkumbusha kwamba mrija ni wa mwanaume, na kwamba mwana ni wewe. Akasema anajua mwana ni nani na anajua mrija ulimfaa kwa mkono wa nani. Akasema nisimwambie mtu, nisubiri siku ya ukumbusho wazee wakiwa wamekaa, mrija uko chunguni, wakiuliza ni wa nani ndipo nisimame. Alijua ukisikia mapema utamsumbua yule mama. Mama Peninah mwenyewe hajui hadi leo. Baba hakumwambia, na mimi sikumwambia.

Kwa hiyo elewa ulichofanya. Umempeleka mbele ya watu, amevunjiwa vyombo vyake, ukamwombea toba, kwa kuiba kitu kilichokuwa chake. Na kitu hicho wewe mwenyewe ndiye uliyekitoa nyumbani, ukakifunga kwa magazeti, ukakipeleka mbali.

Jebet amepita kwanza kwa Mama Peninah, ndipo akaja kwako. Nilimwagiza hivyo na najua amefanya. Unaposoma hapa mrija wa Baba uko mkononi mwa mwenyewe, na ameelezwa maneno ya Baba yote. Kutoka kwako Jebet anakwenda kwa Baba mdogo, naye atampa kipande cha shingo ya chungu, chenye alama za Kukhu na tundu la mashine, akishike kwa mkono kama alivyotaka.

Sikuulizi kama unakubali. Likizo yangu imeidhinishwa, nitafika kabla ya ukumbusho, na wazee wakiuliza mrija ni wa nani nitasimama kama Baba alivyoniagiza. Lakini kuna muda kati ya leo na siku hiyo, na muda huo nimekuachia wewe kwa sababu ni ndugu yangu, si kwa sababu unaustahili. Nenda kwa Mama Peninah. Nenda mchana, watu wakikuona. Bisha hodi, mwambie ulichofanya, mwambie kwa jina lako. Usiombe dua. Akikukaribisha ndani ingia, Simiyu; safari hii usisimame mlangoni.

Nisalimie Daisy, mwambie kitenge chake kiko kwa Jebet. Wabusu watoto. Msalimie Baba mdogo Makokha, na umwambie nimemkasirikia kwa heshima zote. Haji naye anawasalimu, amesema mwenye mrija huo aambiwe ulilala mahali safi. Mungu awatunze wote mpaka nitakapofika.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda na bado hajatulia,

Nafula